Waya Uliozunguka Ua wa Mkamwana

Mwaka 1986, nikiwa na miaka ishirini na tisa, ndipo shida ilipoingia nyumbani kwangu. Kiwanda cha chai nilichokuwa nafanya kazi kilikosa vipuri, mashine zikanyamaza moja baada ya nyingine, na asubuhi moja tukaitwa uani tukasomewa majina. Langu lilikuwa la nne. Kazi yangu pale ilikuwa kupaka mashine grisi, na kumshikia tochi fundi umeme kila alipoingiza kichwa kwenye kisanduku cha swichi. Nilirudi Lufingo kwa miguu, ovaroli begani, kwa mke na watoto wawili, na elimu yangu ya darasa la nne.

Hilo la darasa la nne naliandika mapema ili mtu asije akaligundua mbele huko akadhani nilikuwa nalificha. Sijawahi kulificha. Wengine ndio waliokuwa wakinikumbusha, kana kwamba mwenyewe sikuwepo siku niliyotolewa shule kwenda kuchunga ng'ombe.

Fundi umeme wa kiwandani hakutaka kunifundisha kitu. Nikimuuliza jambo ananigeuzia mgongo, ananiambia shika tochi. Sawa. Lakini anayeshika tochi ndiye anayeamua mwanga uende wapi, na macho yangu yalikuwa yanakwenda pamoja na mwanga. Nyumbani nikawa nafungua tochi yangu mwenyewe. Betri mbili na balbu ndogo: inawaka vizuri. Nikaongeza betri ya tatu kwa waya: ikawaka kama jua, kisha ikaungua. Nikanunua balbu nyingine, na safari hii nikaweka katikati uzi mrefu wa chuma chembamba nilioutoa kwenye brashi ya kusugulia kutu. Betri zile zile tatu, balbu haikuungua. Iliwaka kinyonge. Nikaufupisha ule uzi, mwanga ukaongezeka. Nikaukunja ukawa nyuzi mbili sambamba, ukaongezeka tena.

Nikakaa pale mlangoni nikajiambia: kumbe mambo ni matatu tu. Kuna msukumo, nao unatoka kwenye betri. Kuna kile kinachopita, ndicho kinachofanya kazi. Na kuna kinachozuia, yaani njia yenyewe, kwa urefu wake na wembamba wake. Ukiongeza msukumo, kinachopita kinaongezeka. Ukiongeza kizuizi, kinapungua. Majina yake sikuyajua. Mke wangu aliniuliza kama nimeanza kucheza na tochi kwa sababu nimefukuzwa kazi. Nikamwambia ndiyo.

Miaka ikaenda. Ikaja enzi ya ruksa. Vitu ambavyo zamani ulivipata kwa kibali na foleni katika duka la ushirika vikaanza kumwagika barabarani: redio kaseti zenye spika mbili, betri za magari, nyaya za rangi zote, vingine kutoka Zambia, vingine kutoka kusikojulikana. Watu walikuwa wananunua kwanza, kuuliza baadaye. Na kila kitu kilichonunuliwa kilikuwa kinaharibika, na kikiharibika kilihitaji mtu. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Nilipata nafasi ya meza moja kwenye baraza la duka, pale mjini Ibighi. Mwenye duka alikuwa Mwislamu, mtu wa makamo aliyekwisha kwenda Maka, kila mtu akimwita Alhaji. Aliuza sukari, mafuta ya taa, vitenge na misumari. Hakunidai kodi. Alisema mtu akiacha redio kwangu atanunua na kibiriti kwake. Alinipa sharti moja: nisimletee aibu barazani. Meza niliitengeneza mwenyewe kwa mbao za kreti. Chini yake nilikuwa na mota kubwa iliyoungua, niliyoipata kwenye mashine moja ya kusaga kama ujira wa kazi ya wiki tatu. Mpango wangu ulikuwa kuisuka upya, na siku moja nifungue mashine yangu. Kila jioni niliibeba kwa toroli mpaka chumba tulichopanga. Mke wangu alisema nailaza ndani kama mke mdogo.

Kisha akaja yule bwana. Alikuwa kijana mtanashati kutoka Mbeya, mwenye cheti cha ufundi, na cheti chenyewe alikitundika ukutani ndani ya fremu ya kioo. Alifungua chumba ng'ambo ya barabara akaandika ubao mkubwa. Kila mteja wangu alipopita upande wake alimwita kwa upole akamuuliza: hicho kifaa umempa nani, umempa darasa la nne? Mimi nilikuwa na miaka thelathini na minne tu, lakini aliniita babu.

Nilimjibu kwa kufanya kazi. Nilidhani inatosha.

Mwaka huo mzee mmoja wa kule kwetu Lufingo, rafiki wa Alhaji wa tangu ujana, alinipa kazi ya taa. Huyu mzee alikuwa na chai, migomba na ng'ombe, na nyumba ya matofali ya kuchoma. Mwanawe alikuwa na mashine ya kusaga ya dizeli hapo chini kidogo, mbele ya nyumba yake huyo mwana, na kwenye mkanda wa mashine nilikuwa nimemfungia dainamo ya gari inayochaji betri. Mzee alitaka umeme wa betri hiyo umfikie nyumbani kwake: balbu moja ya gari sebuleni, na redio. Alisema hawezi kuendelea kukaa na kibatari wakati mwanawe anakula chini ya taa.

Nilipima njia kwa hatua. Kutoka kwenye betri mpaka sebuleni kwa mzee, ukikata moja kwa moja, ni hatua arobaini. Nikanunua waya, mnene, mzuri, mwekundu kwa mweusi. Nikaanza kuuvuta. Mzee akasimama kwenye kibaraza chake akaniita.

"Ugwe, wewe, unapita wapi?"

Nikamwonyesha. Njia ilipita juu ya ua wa nyuma wa mwanawe, karibu na jiko.

"Hapo ni kwa mkamwana wangu," alisema. "Zungusha."

Kwa asiyetoka kwetu nieleze. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawakutani. Mkamwana akimwona mkwe kwa mbali anajitenga kwenye migomba mpaka apite. Jina lake halitamki. Na mkwe naye hakanyagi ua wa mkamwana, hata kama ng'ombe wake ameingia humo. Hakuna ugomvi hapo, ni heshima, na kuna watu wameishi hivyo miaka arobaini wakipendana sana.

Mkamwana mwenyewe alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta wa mabanzi, anasikia yote. Alimwambia mumewe, kwa sauti ya kunifikia mimi pia, kwamba waya si mkwe, upite tu. Mumewe akacheka. Mimi pia nilicheka. Lakini mzee aliposikia nimecheka nini, aliuliza: siku waya huo ukikatika na kuangukia jikoni, na taa ni yake, nani atakwenda kuuokota? Mtu mwenye mali yake huifuata. Yeye hataki mali yake ipite mahali ambapo yeye hapiti.

Basi nikazungusha. Niliteremka kando ya shamba la chai, nikafuata ua wa nje, nikapanda kwa nyuma ya zizi. Hatua mia moja na kumi. Niliongeza waya, nikaunga, nikafunga kazi, wala sikufikiri. Na hapa naandika kwa mkono wangu mwenyewe: kosa lilikuwa langu. Mimi niliyekaa mlangoni na uzi wa brashi nikajifunza kwamba njia ndefu inazuia, nilirefusha njia karibu mara tatu kwa sababu ya adabu, na nikasahau kuulizia adabu hiyo gharama yake.

Tulipowasha, balbu ilikuwa nyekundu kama kaa la moto linalozimika. Redio ilikoroma. Mzee aliitazama balbu, akanitazama mimi, akasema labda inaona haya, tuipe siku mbili.

Tuliipa. Jumapili, alipotoka kanisani, mzee alimwita yule bwana wa cheti. Akaja na mita yake ndani ya kifuko cha ngozi. Alichomoa balbu sebuleni, akagusisha mita kwenye ncha za waya, akasoma: volti kumi na mbili kamili. Akashuka kwenye betri, akapima: kumi na mbili. Akatangaza mbele ya watu waliotoka kanisani kwamba waya hauna kosa lolote, umeme unafika wote, ila betri imeuawa: inasoma namba tu, nguvu haina. Imeuawa na dainamo iliyofungwa na mtu asiyejua. Halafu akaongeza, kwa kucheka, kwamba Lufingo hawatapata umeme mpaka waache kukimbiana na wakwe zao.

Jumatatu asubuhi mzee alikuwa barazani kwa Alhaji. Hakupiga kelele. Alisema tu alichoambiwa, kwamba betri ya mwanawe imeuawa. Alhaji alimsikiliza mpaka mwisho, akamwagizia chai, akamsindikiza mpaka barabarani. Kisha akarudi akasimama mbele ya meza yangu, mikono nyuma.

"Fundi, Ijumaa nikitoka msikitini nitapanda Lufingo," alisema. "Nikikuta taa inawaka, meza hii ni yako. Nikikuta nyekundu, uiondoe siku hiyo hiyo."

Nilitaka kusema neno. Nikaona ng'ambo ya barabara yule bwana ameegemea mlango wake, anapiga mluzi. Nikainama nikaendelea na kazi. Meza ile ndiyo ilikuwa chakula cha watu wanne. Sikuwa na baraza lingine mjini, na baada ya kuondolewa hapo kwa aibu hakuna ambaye angenipa.

Jumatano nilipanda na balbu moja, vipande viwili vya waya na kisu. Mita sikuwa nayo. Nilianza kwenye betri yenyewe: nikagusisha balbu kwenye vichwa vya betri. Iliwaka nyeupe, nikafumba macho. Betri iliyouawa haiwaki hivyo. Nikamwambia yule mwana aje aone, akaona. Kisha nikaenda robo ya njia, kando ya chai, nikakwangua waya na kugusisha balbu pale. Ikawaka, lakini njano. Nusu ya njia, kwenye kona ya ua: njano iliyochoka. Nyuma ya zizi: rangi ya chungwa. Sebuleni: nyekundu.

Unaona. Umeme ulikuwa unatoka mzima na unachoka njiani. Kila hatua ya waya inaumeza kidogo. Na watu husahau kwamba waya haubebi umeme kwenda tu. Lazima urudi. Hatua mia moja na kumi za kwenda, mia moja na kumi za kurudi.

Lakini hata hivyo hesabu ilinikataa. Waya mnene kama ule, hata kwa urefu huo, haukupaswa kumeza kiasi hicho. Nikachukua kisu nikauchuna vizuri, siyo kukwangua tu. Plastiki ilikuwa nene kama kidole cha mtoto. Ndani yake, nyuzi za shaba chache, nyembamba kama nywele. Ndivyo biashara ya ruksa ilivyotuletea: unene wote uko nje. Waya wa zamani wa kibali ulikuwa adimu, lakini ukiushika umeshika shaba. Huu nilinunua mwenyewe, kwa mikono yangu, kwa kuuangalia ngozi. Kosa la pili, na hilo nalo ni langu.

Nikakaa juu ya jiwe pembeni ya zizi. Mvua ilianza, hii mvua yetu isiyouliza mtu. Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza, nikate moja kwa moja juu ya ua wa mkamwana, mwenyewe ameshakubali. Ya pili, niongeze msukumo, betri mbili zikifuatana, lakini betri ya pili haikuwepo. Ya tatu, niongeze shaba, nyingi, hatua mia mbili na ishirini za shaba, tena zaidi ya uzi mmoja.

Ya kwanza ilikuwa rahisi na ningeimaliza kwa saa moja. Sikuitaka. Yule bwana alisimama mbele ya watu wetu akasema heshima yetu ndiyo inayozuia umeme. Uongo. Heshima yetu haikuwa na shaba nyembamba ndani. Niliamua waya utazunguka pale pale alipotaka mzee, na taa itawaka, na atakayetaka kucheka atachekea gizani kwake.

Nikarudi nyumbani nikatazama mota.

Mke wangu alijua kabla sijafungua mdomo. Aliketi, akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia mota hii ni mashine ya kusaga ya kesho, lakini meza ni ugali wa leo. Akasema, "Basi mtaliki, lakini usiniombe nimlilie." Tukacheka wote wawili, kicheko kifupi.

Mota iliyoungua shaba yake haijafa. Kilichoungua ni vanishi, ile ngozi yake nyembamba. Kuanzia alfajiri ya Alhamisi tuliichoma nje kwa kuni, tukakata vichwa vya waya, tukavuta. Mikono yetu ilikuwa na damu kufika saa tatu. Tulipata marundo ya shaba, nene kama njiti ya kibiriti iliyochongwa, nyekundu, tupu. Tulipanda nayo Lufingo. Mke wangu alishika ncha upande wa mashine, mimi nikarudi kinyumenyume kando ya chai, tukisokota nyuzi tatu kuwa moja. Kila ungio nililehemu, kwa chuma nilichokipasha kwenye moto wa jikoni kwa mkamwana. Alikuwa ananipitishia chini ya ukuta wa mabanzi, akiuliza kama waya umeshafika kwa mwenye jina lisilotajwa.

Kwa kuwa shaba ilikuwa tupu, nyaya mbili hazikupaswa kugusana. Zikigusana umeme unakatisha njia, haufiki kwa mzee, na betri ndiyo inauawa kweli. Nilipasua mianzi, nikachimbia vigingi kandokando ya ua, kila kigingi na mikato miwili ya kushikia waya, iliyoachana shibiri moja. Volti kumi na mbili hazidhuru mtu wala ng'ombe, hilo nilijua kwa kuzishika. Saa kumi na moja jioni mvua ikatufukuza kabla hatujaunganisha. Sikujaribu. Nililala bila kujua.

Ijumaa, Alhaji alikuja na kanzu yake, viatu vimejaa matope, na yule bwana wa cheti nyuma yake na mita. Alhaji ndiye aliyemwita, awe shahidi. Mvua ilikuwa inanyesha na mzee alikuwa amefunga madirisha, sebule ilikuwa na giza la kutosha. Waya mpya nilikuwa nimeuunga kwenye betri muda mfupi kabla hawajafika, na wa zamani nilikuwa nimeuacha palepale. Nyaya zote mbili, ule mwembamba na ule mpya, ncha zake zilikuwa zinaning'inia juu ya meza ya mzee, bila balbu.

Yule bwana alipima wa zamani. "Kumi na mbili," alisema. "Nilishasema." Akapima wangu mpya. "Kumi na mbili. Babu, umetoa jasho la bure. Nyaya zote ni sawa."

"Funga balbu kwenye wa zamani," nilimwambia. "Halafu pima tena, ikiwa inawaka."

"Ya nini?"

"Pima."

Alifunga. Balbu ikawa kaa la moto. Akaweka mita juu ya balbu ile ile, nikaona uso wake ukibadilika kabla hajasema kitu. Alhaji alimuuliza inasoma ngapi. Akarudia kupima. Alhaji akamuuliza tena.

"Sita," alisema.

"Zilikuwa kumi na mbili sasa hivi," Alhaji alisema. "Zile sita zimekwenda wapi?"

Hapo nilizungumza mimi, nikamwelekea mzee, maana ndiye mwenye taa. Nilimkumbusha kimpumu, pombe yetu ya ulezi, tunavyoinywa kwa mirija ya mwanzi, watu wamezunguka chungu. Anayekaa karibu ana mrija mfupi mpana, anavuta kidogo tu, kinywa kinajaa. Anayekaa nyuma ana mrija mrefu mwembamba, anavuta mpaka mashavu yanaingia ndani, anapata tone. Chungu ni kile kile. Nguvu nyingi ya kuvuta imeishia ndani ya mrija. Lakini, nikamwambia, kama hakuna anayevuta, utajuaje mrija upi ni mwembamba? Yote imetulia. Huyu bwana Jumapili alipima mrija ambao hakuna mtu anaunywea. Umeme usipopita, waya haumezi kitu. Hata uzi wa nywele utasoma kumi na mbili.

Mzee aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayekumbuka vyungu vingi. Alhaji akasema yeye mambo ya pombe hayajui.

"Fikiria soda, bwana," mzee alimwambia.

Nikahamisha balbu kwenye waya mpya. Sitaandika kwamba sikuogopa. Nilisokota ncha zote mbili. Kisha ikawaka, na chumba chote kikaonekana: kalenda ukutani, viatu vya Alhaji, matope aliyoyaingiza, nywele nyeupe za mzee. Yule bwana akapima bila kuambiwa. Kumi na kidogo.

Mzee akawasha redio. Ikasema, safi, bei za mazao. Hakuna aliyesikiliza bei.

Nimpe haki yake yule bwana, kwa sababu hakuna aliyemlazimisha. Alichomoa karatasi ya sigara mfukoni akaandika herufi tatu, akanielekeza. Hii ni volti, msukumo. Hii ni mkondo, unaopimwa kwa ampea. Hii ni ukinzani, unaopimwa kwa omu. Volti ni mkondo mara ukinzani. Balbu hii ina omu kama sita hivi ikiwaka, akasema, na waya wako wa kwanza, kwenda na kurudi, ni kama sita. Jumla kumi na mbili. Betri ya volti kumi na mbili inapitisha ampea moja. Sita zinabaki kwenye waya, sita zinafika. Waya mpya ni kama omu moja. Jumla saba. Ampea zinakaribia mbili, volti kumi zinafika, na mbili tu zinaliwa njiani. Alikuwa anaijua yote. Alikuwa anaijua darasani. Hakuwa amewahi kuivuta kwenye mvua kwa hatua mia moja na kumi.

"Hii ilikuwa kwenye mtihani," alisema, siyo kwangu.

Mimi nilikuwa nazijua zote tatu kabla sijajua zinavyoandikwa. Lakini karatasi niliichukua.

Mzee alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa lugha yetu. "Ndaga, mwanangu. Ndaga fijo." Kisha akauliza kwa sauti kubwa, akielekea dirisha, kama waya umepita mahali pa heshima. Kutoka chini huko, nyuma ya mabanzi, sauti ya mwanamke ilijibu kwamba umepita mbali sana, na kwamba hata kwake taa inawaka vizuri, asanteni. Hakumtaja mtu. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Ndiyo mara pekee niliyowasikia wakizungumza.

 Tulishuka pamoja, Alhaji mbele ameinua kanzu, na tulipofika Ibighi aliingia dukani akatoka na kufuli jipya, akaliweka juu ya meza yangu. Alisema vifaa vyangu visilale tena kwenye toroli. Kuna kabati nyuma ya kaunta. Ng'ambo ya barabara yule bwana alifungua mlango wake. Tangu siku hiyo aliniita fundi. Alikaa miaka miwili zaidi kisha akarudi Mbeya, na aliponiaga aliniuzia mita, siyo kwa bei ya urafiki.

Watu bado wananiuliza ilikuwaje mtu wa darasa la nne akafungia umeme nyumba nyingi za huku. Nawajibu kwamba umeme haukuniuliza nimefika darasa la ngapi. Uliuliza njia ni ndefu kiasi gani na ndani yake kuna shaba kiasi gani. Hayo nilikuwa na majibu yake.

Leo ninamiliki vifuatavyo. Nyumba moja Ibighi, vyumba vitano, ya bati. Chumba cha mbele cha lililokuwa duka la Alhaji, pamoja na baraza lake, nilichonunua kwa watoto wake baada ya yeye kufariki. Shamba la chai na migomba Lufingo, eka moja na nusu. Ng'ombe watatu. Mashine ya kusaga moja, ya umeme, mota yake ilinunuliwa mpya. Mita mbili, ile ya kifuko cha ngozi ikiwa moja. Ganda la mota ya zamani, bila shaba, tunalikalia nje ya jiko. Karatasi moja ya sigara yenye herufi tatu. Kufuli. Meza ya mbao za kreti, ipo barazani, haijaondolewa.